Gari Lililokufa kwenye Karatasi

Mji wa Mtwara ulizaliwa na mashine zilizokwishatumiwa na wengine. Mpaka miaka ya 1940 mji wenye jina katika pwani hii ulikuwa Mikindani, bandari ya majahazi ambako David Livingstone alianzia safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866, na ambako Wajerumani walijenga boma lao mwaka 1895. Kusini yake, mahali zilipo leo kata za Likombe, Shangani na Reli, palikuwa na vijiji na mashamba.

Kisha vita kuu ya pili ikaisha, na Uingereza ikajikuta haina mafuta ya kupikia. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu wa United Africa Company, alipendekeza Tanganyika ilimwe karanga kwa mashine. Ujumbe wa John Wakefield ukaja kukagua ardhi, ukarudi na hesabu za zaidi ya ekari milioni 3, na John Strachey, Waziri wa Chakula wa Uingereza, akaupeleka mpango bungeni ukiwa na makadirio ya pauni milioni 25. Kongwa, Urambo na Nachingwea ndiko kulikoteuliwa. Ili karanga za Nachingwea zifike baharini, ilihitajika reli na bandari ya kina kirefu, na ghuba ya Mtwara ilikuwa nacho kina hicho.

Trekta mpya hazikupatikana popote, kwa kuwa viwanda vilikuwa vimetengeneza silaha kwa miaka 6. Serikali ikaamua kununua mitumba: mabaki ya jeshi, baadhi yake kutoka Ufilipino, mashine zilizokuwa zimekaa juani na mvuani tangu vita viishe. Kampuni ya Vickers nayo ikabadilisha vifaru vya Sherman kuwa trekta za kung'oa miti. Mashine za mitumba zilipowashwa Kongwa, sehemu kubwa zilisimama ndani ya miezi michache. Vipuri havikuwepo, na ubovu wake ulionekana zilipokuwa zimekwishanunuliwa. Januari 1951 mpango ulifutwa, na hasara iliyohesabiwa ilikuwa zaidi ya pauni milioni 36. Mtwara ikabaki na bandari iliyofunguliwa mwaka 1954 na reli iliyofungwa mwaka 1962, kisha ikang'olewa.

Nimeanza na karanga kwa sababu swali lililoanzia Kongwa ndilo litakalotufuata mpaka mwisho wa habari hii. Serikali inapohesabu fedha kwa ajili ya chombo kikuukuu, iwe inakinunua, inakitoza ushuru au inamlipa mwenyewe akiache, nani amekwenda kukiona chombo chenyewe?

Miaka mingi baada ya uhuru, tatizo la Watanzania lilikuwa kukosa chombo chochote, kizuri au kibovu. Fedha za kigeni zilikuwa haba na magari yaliingia kwa kibali. Mlango ulifunguliwa na bajeti ya Juni 1984, Mwalimu Nyerere akiwa bado Rais na Cleopa Msuya akiwa Waziri wa Fedha. Mtu mwenye fedha zake nje ya nchi aliruhusiwa kuagiza bidhaa bila kuhojiwa amezipata wapi. Pikapu za Kijapani zikaanza kuonekana katika miji iliyokuwa imezoea Land Rover za Serikali. Kusini zilichelewa. Barabara ya Dar es Salaam ilikatwa na mto Rufiji, na mpaka Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, gari la kuja Mtwara lilisubiri kivuko, na masika likasubiri barabara yenyewe ikauke. Baada ya daraja mambo yalikwenda haraka. Msimu wa korosho ukifunguka Oktoba, fedha za mnada zikigawanywa, mkulima aliyefanikiwa ananunua pikipiki mpya, na mfanyabiashara anatafuta gari kutoka Japani.

Kwa nini Japani? Gari dogo jipya la binafsi kule hukaguliwa likifikisha miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo una gharama kubwa. Gari la miaka 8 au 10 ambalo kwetu ni zima kabisa, kwa mwenyewe ni mzigo. Tena tangu Januari 2005 sheria ya Japani humtaka mwenye gari kulipa mapema gharama ya kulivunja na kutupa mabaki yake salama. Fedha hizo huwekwa akiba mpaka siku gari litakapovunjwa. Lakini gari likisafirishwa nje ya nchi, aliyelisafirisha anaweza kuomba arudishiwe. Sheria hiyo ina mantiki yake, kwa kuwa gari halikuvunjwa Japani. Litazame hata hivyo ukiwa umesimama ukingoni mwa Ruvuma. Gari linakuja huku na kuzeekea huku, na siku ya kuvunjwa kwake itafika huku, ila fedha zilizotengwa kwa ajili ya siku hiyo hazivuki bahari. Betri, oili chafu, gesi ya kiyoyozi na matairi yake vitaangukia mahali ambapo hakuna aliyewahi kuvilipia.

Hapo ndipo inapoingia historia ya Serikali kuwalipa raia wake waachane na magari makuukuu. Ufaransa ilikuwa miongoni mwa waliotangulia. Mwaka 1994 serikali ya Édouard Balladur ilitoa faranga 5,000 kwa mtu aliyevunja gari la zaidi ya miaka 10 na kununua jipya, na Alain Juppé akafuata na mpango wake mwaka 1995. Faida ilitangazwa kuwa hewa safi na usalama barabarani. Kilichosukuma zaidi ni viwanda vya magari vilivyokuwa vikikosa wateja.

Mwaka 2008 mabenki ya Marekani yalipoyumba, dunia nzima ilikosa wateja, na mwaka 2009 mipango hii ikaota kila mahali. Uingereza ilitoa pauni 2,000 kwa gari la zaidi ya miaka 10, nusu ikitoka serikalini na nusu kwa watengenezaji. Japani ilitoa yeni 250,000 kwa aliyevunja gari la miaka 13 au zaidi na kununua lenye kutumia mafuta kidogo. Marekani na Ujerumani ndizo zilizomwaga fedha nyingi, na tofauti kati yao inafundisha kuliko kitabu chochote cha kodi.

Rais Barack Obama alitia saini sheria ya Marekani Juni 2009. Mtu alileta gari lenye kula mafuta sana, akapunguziwa bei ya jipya kwa dola 3,500 au 4,500. Bunge lilitenga dola bilioni 1, zikakaribia kwisha ndani ya siku chache, likaongeza bilioni 2. Mpango ulipofungwa Agosti 24, magari yapatayo 678,000 yalikuwa yamebadilishwa. Watunzi wa masharti walikuwa wamekaa chini wakafikiri kama mlaghai anavyofikiri. Gari lililoletwa lilipaswa kuwa linatembea, ili mtu asiokote mkangafu uliolala porini akaudaia fedha. Lilipaswa kuwa na usajili na bima kwa jina la mwenyewe kwa mwaka mzima uliotangulia, ili dalali asinunue magari mabovu kwa jumla na kuyageuza kuwa dola.

Kisha likaja sharti la injini. Muuzaji wa magari alitakiwa kumwaga oili yote, kumimina ndani kimiminika cha silikati ya sodiamu, na kuiwasha injini mpaka inoki. Kimiminika kile kikipata moto hugeuka kama kioo ndani ya vyuma, na fundi yeyote anajua kwamba injini ya namna hiyo haifunguliki tena. Mlango, taa na viti vingeweza kuuzwa, lakini gari lenyewe lilipaswa kusagwa ndani ya siku 180. Fundi wa kwetu akiangalia picha za kazi ile anaumia moyoni, maana injini nyingi zilizouawa zilikuwa zimebakiza miaka mingi ya kazi. Naumia pamoja naye. Hata hivyo nakiri kwamba Wamarekani walijibu swali la Kongwa: kulikuwa na mtu aliyesimama mbele ya gari na kuhakikisha limekufa.

Mpango huo haukukosa walakini. Wachumi Atif Mian na Amir Sufi walipochunguza mauzo ya miji iliyonufaika sana, waliona kwamba wanunuzi wengi walikuwa watu ambao wangenunua gari miezi michache baadaye hata bila zawadi. Mauzo yalipanda kiangazi, yakashuka baada ya hapo.

Ujerumani ilikwenda njia nyingine. Kuanzia Januari 2009 mwenye gari la miaka 9 au zaidi, lililosajiliwa kwa jina lake angalau mwaka mmoja, alipewa euro 2,500 akilivunja na kununua jipya au lililotumika mwaka mmoja tu. Fedha zilizotengwa zilikuwa euro bilioni 1.5. Watu walijitokeza kwa wingi mno, na serikali ya Angela Merkel, ikiwa na uchaguzi Septemba, ikapandisha kiasi hadi bilioni 5. Maombi yalishughulikiwa na ofisi moja ya shirikisho mjini Eschborn, karibu na Frankfurt. Fedha ziliisha mwanzoni mwa Septemba, magari yapatayo milioni 2 yakiwa yamelipiwa.

Ofisi ile haikuona gari hata moja, wala haikutakiwa. Ilitakiwa kuona karatasi: hati ya yadi ya chuma chakavu inayosema kwamba gari limepokelewa kwa ajili ya kuvunjwa. Yadi zenyewe zilifurika. Magari yalipangwa juu ya mengine, na mengi yalikuwa yanawaka vizuri, kwa kuwa kuuliwa kwa injini hakukuwa sharti. Mwenye yadi alikuwa na gari zima mkononi, ambalo kwa sheria halipo tena. Chuma chake kilikuwa na bei ndogo. Likiuzwa kama gari, nje ya nchi, lingeleta mara nyingi zaidi.

Katikati ya mwaka ule chama cha maofisa wa upelelezi wa jinai wa Ujerumani kilisema hadharani kwamba kwa makadirio yao magari yanayofikia 50,000 yalikuwa yameponyoka na kupelekwa Ulaya ya Mashariki na Afrika. Hayo yalikuwa makadirio ya wapelelezi, hayakuwa hukumu ya mahakama, na serikali haikuyakubali kama yalivyo. Mwanya wenyewe, hata hivyo, kila mtu aliuona. Mlipa kodi wa Ujerumani alikuwa amelipa gari life, na gari lilikufa kwenye karatasi peke yake.

Haki inanidai niseme kwamba magari yale hayakuelekea kwetu kwa wingi. Usukani wake uko kushoto, na sisi, sawa na ndugu zetu wa Msumbiji ng'ambo ya Ruvuma, tunaendesha upande wa kushoto wa barabara na tunataka usukani wa kulia. Soko lake la kawaida ni Afrika Magharibi. Linalotuhusu ni somo lake, maana meli za magari ya Japani na Uingereza zinakuja kwetu kila mwezi. Mwaka 2020 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa ripoti iliyohesabu magari madogo yaliyotumika milioni 14 yaliyouzwa nje na Ulaya, Japani na Marekani kati ya 2015 na 2018, Afrika ikiwa mpokeaji mkubwa. Mwaka huo huo wakaguzi wa Uholanzi walikagua magari yaliyosubiri meli za kuja Afrika katika bandari zao. Mengi hayakuwa na cheti halali cha ukaguzi, na mengine yalikuwa yamekwishang'olewa masega, kile kifaa cha bomba la moshi ambacho ndani yake mna madini ya thamani. Watu wa huko walibaki na madini, na gari likatumwa kwetu likiwa halina tena cha kuchuja moshi.

Tanzania haijawahi kuwa na mpango wa kumlipa raia avunje gari lake. Tulichagua njia ya kuadhibu uzee mlangoni. Sheria ya Ushuru wa Bidhaa inalitoza gari dogo lililotumika la miaka 8 hadi 10 nyongeza ya asilimia 15, na lililozidi miaka 10 asilimia 30. Ndio ushuru wa uchakavu, unaojulikana na kila aliyewahi kuagiza gari. Chukua gari la injini ya kati ambalo thamani yake bandarini ni shilingi milioni 10. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini asilimia 5, na VAT asilimia 18 juu ya vyote. Likiwa na miaka 7, ukiacha tozo ndogondogo, mwenyewe atalipa kama milioni 5.5. Likiwa limepita miaka 10 atalipa karibu milioni 9.9. Majirani walikwenda mbali zaidi. Kenya hairuhusu gari la zaidi ya miaka 8, na Uganda mwaka 2018 ilipiga marufuku kuingiza lililofikisha miaka 15.

Kila kizuizi kimezaa mbinu yake. Waagizaji walipokuwa wakiandika bei ndogo kwenye ankara, Mamlaka ya Mapato ilitengeneza orodha yake ya thamani za magari, na ankara ikapoteza nguvu. Gari la kwenda Zambia, Malawi au Kongo hupita nchini kwa namba za IT bila kulipa kodi zetu, chini ya dhamana, na shaka ya siku zote imekuwa kwamba baadhi yake huvuka mpaka kwa mihuri tu, yenyewe yakibaki mitaani. Gari lililosajiliwa Zanzibar likija Bara hudaiwa tofauti ya kodi, jambo ambalo limekuwa moja ya kero za Muungano kwa miaka mingi. Mwananchi mwaminifu wa Unguja anajiuliza kwa nini alipe mara mbili ndani ya nchi moja, na ofisa wa forodha anajiuliza ni magari mangapi yamepita bila kulipa hata mara moja. Wote wawili wana hoja.

Lakini shida kubwa ya ushuru wa uchakavu ni kwamba unapima mwaka wa kutengenezwa, yaani namba iliyoandikwa, na hauulizi hali ya gari. Gari la miaka 11 lililotunzwa na mwalimu mstaafu wa Osaka linaadhibiwa. La miaka 6 lililozama mafurikoni halitozwi nyongeza hiyo hata senti. Tena ushuru huu unatozwa mara moja, mlangoni. Likishaingia, gari litazeeka Tanzania miaka 20 mingine bila mtu kulipwa chochote alitoe barabarani. Kwa kuwa uagizaji ni ghali, mwenye gari la mwaka 1995 hulishikilia na kulipaka rangi upya. Sheria iliyokusudiwa kutupunguzia magari makuukuu imechangia kuyafanya yaishi muda mrefu zaidi.

Afrika nayo ilijaribu njia ya malipo. Afrika Kusini ilianza mwaka 2006 kuwapa wenye teksi za abiria randi 50,000 kwa kila basi dogo lililosalimishwa na kusagwa. Misri ilifuata kwa teksi kuukuu za Cairo. Kwetu, mabasi yaendayo haraka yalipoanza Dar es Salaam Mei 2016, daladala za njia ya Kimara hazikununuliwa wala kuvunjwa, zilihamishiwa njia nyingine. Gari lililoonekana halifai kwa Barabara ya Morogoro likatosha kwa watu wa pembezoni. Ni ujumbe ule ule uliotoka Japani na Uholanzi, safari hii ndani ya mji mmoja, na mimi sioni kwamba ni halali kwa upande wowote.

Gesi asilia ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982 hapa hapa Msimbati, na tangu Oktoba 2015 inakwenda Dar es Salaam kwa bomba la kilomita 542. Sehemu yake inaendesha magari yaliyofungwa mitungi ya gesi. Siku moja Serikali itashawishika kuwalipa wananchi wabadili magari ya petroli, iwe kwa gesi au kwa umeme, na mpango huo utaletwa bungeni kama zilivyoletwa zile hesabu za karanga. Nawaomba wabunge wa Mtwara na Lindi wauulize mambo matatu kabla ya kunyoosha mkono. Gari litakalolipiwa litakaguliwa na nani, kwa macho, likiwa linatembea? Likiachwa, litavunjwa wapi, na gereji za Likombe na Magomeni hapa Mtwara zitapewa mafunzo na ada ya kazi hiyo, au chuma kitasafirishwa kwingine na oili ibaki kwetu? Na mwenye Hiace ya mwaka 1995 anayebeba abiria wa Msimbati atapata kiasi cha kumwezesha kununua kingine, au zawadi itaishia kwa mwenye uwezo wa kununua gari jipya hata bila zawadi? Majibu yasipokuwa ndani ya muswada wenyewe, kwa maneno yanayosomeka, wapige kura ya hapana.